Debe la Mwaka wa Ukame

Ndugu msomaji, mji wetu wa Karatu huenda unaujua kwa kupitia dirisha la gari. Umetoka Arusha, umepita Makuyuni na Mto wa Mbu, umepanda ule mlima ambao chini yake Ziwa Manyara linang'aa kama bati jipya, ukapita Rhotia, na mara ukaona maduka, vituo vya mafuta, watoto wa shule wenye masweta, na magari ya watalii yamejipanga wenyewe wakinunua maji ya chupa. Kabla hujaimaliza chupa yako mji umekwisha. Basi ndio hapo. Sisi tunauita mji, na tangu tulipokatwa kutoka Mbulu katikati ya miaka ya 1990 tukapewa wilaya yetu, tuna haki ya kuuita makao makuu. Tuna mkuu wa wilaya, tuna mahakama, tuna bendera. Na vumbi tunalo, tena la kutosha. Mwezi wa nane ukivaa shati jeupe asubuhi, jioni watu watadhani umenunua la kahawia.

Sikushika kalamu ili niusifie mji. Nataka kuuliza swali moja ambalo limenikaa kooni tangu mwaka 2009, wakati huo nikiwa na miaka 14 na kazi yangu nyumbani ikiwa ni kuandika daftari la madeni la mama. Swali lenyewe ni hili: mtu akifaidika kutokana na katazo alilowekewa mwenzake, na katazo hilo hakuliweka yeye, je, faida ile ni yake?

Najua. Swali linanuka chaki. Ngoja nilivalishe nguo za kawaida.

Mama yangu alikuwa anauza mahindi. Anayanunua wakati wa mavuno kwa wakulima wa Rhotia, Mbulumbulu na Endabash, anayatia dawa ya dumuzi, anayaweka stoo, halafu anayatoa kidogo kidogo kadiri msimu unavyokaza. Kipimo ni debe. Na debe, msomaji, usidhani ni kipimo kimoja. Kuna debe la kilima, yaani mahindi yanajazwa mpaka yanatengeneza kichwa na kuanza kumwagika pembeni, na kuna debe la kufuta, yaani muuzaji anachukua kijiti kilichonyooka na kukipitisha juu ya mdomo wa debe, chochote kilichozidi kinarudi guniani. Mwaka wa neema mama alipima kilima. Mwaka wa shida alifuta. Kile kijiti kilikuwa kinakaa stoo, kimechomekwa kati ya ukuta na bati, na mtoto yeyote wa nyumba yetu angeweza kukuambia hali ya mvua kwa kuangalia tu kama kijiti kipo mahali pake au kiko mkononi mwa mama.

Wateja wake wengi walitoka juu. Tukisema "juu" Karatu tuna maana ya Ngorongoro. Unapita mashamba ya kahawa, barabara inapanda, unafika lango la Loduare, na hapo dunia inageuka. Ukisimama shambani kwa mjomba wangu upande wa Oldeani unauona mpaka kwa macho, huhitaji ramani. Huku chini mahindi yamelimwa mpaka unyayo wa mwisho, mpaka mtu anapanda maharage kwenye ukingo wa korongo ambao mvua ya kesho itauchukua. Kule juu msitu umesimama mweusi, mzito, kama umepigwa rula. Udongo ni ule ule. Mvua ni ile ile, na pengine kule inazidi. Tofauti ni karatasi.

Karatasi hiyo historia yake si ndefu. Mwaka 1958 wazee wa Kimasai walikubali, au walikubalishwa, kutoka Serengeti ili iwe hifadhi ya wanyama peke yao, na mwaka 1959 ikatungwa sheria ya Ngorongoro, eneo la kilomita za mraba zipatazo 8,300, ambamo watu, ng'ombe na wanyama wa porini wangekaa pamoja. Mwaka 1975 sheria ikarekebishwa na kilimo kikapigwa marufuku. Mwaka 1992 serikali ikalegeza, watu wakaruhusiwa bustani ndogo za jembe la mkono. Mwaka 2009 jembe likawekwa chini tena.

Na mwaka 2009 ndio ulikuwa mwaka wa ule ukame. Walioishi kanda hii hawahitaji kuelezwa. Ng'ombe walikufa Longido, walikufa Monduli, walikufa Ngorongoro, na harufu yake ulikuwa ukikutana nayo barabarani kabla hujauona mzoga wenyewe.

Mmoja wa wateja wa mama alikuwa bibi wa Kimasai kutoka upande wa Endulen. Sisi watoto tulimwita yeyo, kwa kuwa ndivyo wanavyomwita mama kwa lugha yao, na yeye aliniita layoni, jina ambalo kwa mvulana wa miaka 14 aliyeanza kujiona mtu mzima ni kama kofi, lakini kwake nilivumilia. Miaka ya nyuma alikuwa akija mara moja moja tu. Alikuwa na kibustani nyuma ya boma lake, mahindi kidogo, maharage, viazi. Mwaka ule alikuja mwezi wa saba, akaja wa nane, akaja wa tisa. Safari ya mwisho hakuwa na hela. Wale ng'ombe ambao angeuza walikuwa wamekonda kiasi kwamba mnunuzi mnadani alitaja bei ya mbuzi, na mbuzi bei ya kuku.

Akaomba debe nne kwa mkopo.

Wakati wa mavuno debe lilikuwa shilingi 5,000. Siku ile lilikuwa 9,000. Mama akasema, "Yeyo, nitakupa, lakini bei ni ya leo." Bibi akatazama nje kidogo, akasema haya. Mama akachukua kijiti. Akapima, akafuta. Mimi nikaandika: debe 4, sh. 36,000, na tarehe. Bibi hakujua kusoma, lakini aliweka kidole chake juu ya mwandiko wangu na kukiacha pale kwa muda, kama mtu anayehakikisha kwamba kitu kimekaa.

Usiku nilimuuliza mama. Si kwa ujasiri, la hasha. Nilimuuliza kwa mbali, kama mtoto anavyouliza kitu akijifanya anatafuta kiberiti. Kwa nini tusingempa kwa 5,000? Mama hakukasirika. Ninyi mnaosoma haya msije mkadhani mama yangu ni yule bepari wa kwenye michoro ya magazeti, tumbo mbele na sigara mdomoni. Alikuwa mjane mwenye watoto wanne na miguu iliyoanza kuvimba. Akanijibu hivi: "Mwanangu, nikimaliza stoo hii kwa 5,000, mimi mwenyewe nitakwenda kununua Babati kwa ngapi? Halafu sikiliza. Mimi sikuzuia mvua. Na sikumzuia yule mama kulima. Waliomzuia waulizwe wao."

Nikanyamaza, kwa sababu hoja ilikuwa nzito. Mpaka leo ni nzito.

Baadaye nilikwenda kusoma seminari, na maktabani nikakutana na Mtakatifu Thomas wa Akwino, yule mwanafalsafa wa karne ya 13. Kumbe naye alikwisha kumuuliza mama swali lile lile. Anauliza kama ni haki kuuza kitu kwa bei inayozidi thamani yake. Jibu lake, kwa maneno yangu, ni kwamba kama muuzaji anaumia kwa kukitoa kitu kile, anaweza kuidai hasara yake. Lakini kama muuzaji haumii zaidi, ila mnunuzi tu ndiye mwenye shida kubwa, haruhusiwi kupandisha bei kwa ajili ya shida ile, kwa sababu shida si mali ya muuzaji. Huwezi kumuuzia mtu kitu ambacho si chako, na njaa ya mwenzako si yako.

Maneno haya yalinitikisa. Nikayachukua likizo kama mtu aliyebeba bunduki. Jirani yetu wa sokoni, mzee Mwislamu mwenye duka la vitambaa, aliponisikia nikimhutubia mama alicheka akanikalisha kwenye benchi lake. Akasema, kijana, polepole. Akanisimulia kwamba bei zilipopanda Madina watu walimwendea Mtume wakamwomba apange bei, naye akakataa, akasema Mwenye kupanga bei ni Mungu. Halafu akaongeza, na hapa alinyanyua kidole, kwamba huyo huyo Mtume alimkataza mtu kuficha chakula akisubiri watu waumie ndipo auze. "Sasa mama yako alificha?" Nikasema hapana, mlango wa stoo ulikuwa wazi kila siku. "Basi mwache mama yako," akasema, akarudi kwenye vitambaa vyake.

Kwa hiyo nilikuwa na mtakatifu upande mmoja na muuza vitambaa upande mwingine, na katikati mama anapepeta mahindi. Nikaanza kuona kwamba wote wawili wanaizungumzia soko ambamo mnunuzi ni mtu huru. Ana shida, ndiyo, lakini ni shida ya mvua, ya nzige, ya vita. Mwaka kesho yeye ndiye atakayekuwa na mahindi na wewe ndiye utakayekwenda kwake na gunia tupu. Mzunguko huo ndio unaowafanya wauzaji wawe na adabu.

Yeyo hakuwa na mwaka kesho.

Hapo ndipo ninapotaka tukae kidogo. Mvua ya 2010 ilirudi. Karatu yote ilirudi shambani. Debe likashuka mpaka 5,000 tena, kijiti kikarudi ukutani. Hoja ya mama kwamba hata yule bibi angelima 2009 mvua ingemnyima ilikuwa kweli kabisa, kwa mwaka ule. Lakini ukame uliisha, katazo halikuisha. Bibi alishuka tena, na tena, na wenzake pia, kwa lori, kwa punda, kwa miguu. Watu ambao zamani walikuwa wateja wa shida wakawa wateja wa kudumu. Mama akajenga stoo ya pili. Ada yangu ya seminari, mle nilimomsoma huyo Mtakatifu Thomas, ilitoka katika stoo ya pili. Usidhani sikulifikiria hilo.

Kuhusu lile deni: bibi alilipa. Alikuja baada ya masika ya 2010 na shilingi 36,000 zimefungwa kwenye pindo la shuka, akazihesabu mbele ya watu waliokuwa wakisubiri kupimiwa. Kwa bei ya siku ile, hela hizo zingempa madebe saba. Alipewa nukta. Niliandika mimi mwenyewe, kwa kalamu nyekundu: IMELIPWA. Akaweka tena kidole.

Sasa, kuna tofauti gani kati ya kufaidika na mvua na kufaidika na katazo? Rafiki yangu mmoja, aliyesomea misitu, anasema hakuna. Anasema kila mtu anasimama juu ya bahati ambayo hakuitengeneza: huyu kazaliwa karibu na barabara, yule karibu na chemchemi, nani kamwibia nani? Mimi naona tofauti ipo. Mvua haikukaa kikao. Mvua haikupiga kura, haikuandika barua yenye mhuri, haiwezi kuombwa ifikirie upya. Mpaka uliwekwa na watu kwa sababu fulani, na sababu hiyo ina wanufaika. Nikiwa miongoni mwao siwezi kuiita bahati. Bahati haina jina la mtu, hii inayo.

Na hapa, ndugu msomaji, ndipo nilipogundua kwamba mahindi ya mama ndiyo sehemu ndogo ya jambo.

Maji. Karatu ni nchi kame. Ukiteremka upande wa Ziwa Eyasi mvua ni milimita kama 400 tu kwa mwaka, pengine pungufu, na mjini penyewe miezi ya kiangazi ndoo inatafutwa kama ajira. Vijito na chemchemi tunazozitegemea vinatoka kwenye msitu ule mweusi. Vitunguu vya Mang'ola, ambavyo malori yanavipeleka mpaka Nairobi, vinakunywa maji ya msitu ule. Kahawa ya Oldeani vilevile. Na msitu umesimama kwa sababu kule juu jembe limekatazwa. Rafiki yangu wa misitu hapa husimama kabisa akinyoosha mkono: "Tazama huku kwetu! Tazama makorongo! Unataka na kule kuwe hivi?" Sitaki. Nani anataka? Nimeona korongo lililoanza kama mfereji wa kuoga bata likala nusu ya shamba la mjomba katika miaka sita. Simwambii mtu yeyote kwamba msitu ukatwe ili dhamiri yangu itulie.

Lakini angalia hesabu ilivyokaa. Sisi tunaolima mpaka unyayo wa mwisho tunakunywa maji yanayolindwa na mtu asiyeruhusiwa kulima, halafu tunamuuzia mahindi tuliyoyalima. Watalii wanaokwenda kumtazama faru analindwa kwa katazo hilo hilo wanalala kwetu, wanakula kwetu, na barabara ya lami iliyofika mpaka langoni mwanzoni mwa miaka ya 2000 kwa msaada wa Japani imejengwa kwa ajili yao ila tunaipita sisi. Mji mzima umekaa mezani, na anayelipia chakula yuko nje anafungua lango. Hakuna hata mmoja wetu aliyeiba. Ukimshika mmoja mmoja, mama, mjomba, mwenye hoteli, dereva, mkuu wa wilaya, kila mmoja atakuonyesha mikono safi, na ni safi kweli.

Tulipokuwa wadogo tulifundishwa neno unyonyaji, urithi wa Azimio la Arusha la mwaka 1967. Neno zuri, lakini lilihitaji mnyonyaji. Mnyonyaji lazima awe na sura, awe na kiwanda au shamba la watumwa. Hatukupewa neno la unyonyaji usio na mnyonyaji.

Wakati mwingine wenzangu wa Kiiraqw huniambia nimechoka na maisha ya amani, natafuta deni lisilokuwapo. Wananikumbusha kwamba nasi tumepata taabu. Ni kweli. Ila mimi nami huwakumbusha kwamba babu zetu hawakuota hapa kama mibuyu. Kiini chetu ni kule Mama Isara, milima ya Mbulu. Huku tuliingia polepole, na kwa wingi zaidi miaka ya 1940 na 1950, vichaka vya mbung'o vilipofyekwa ili tupate pa kulima. Kabla ya hapo nchi hii ilikuwa malisho, ya Wadatoga na ya Wamasai, na wale Wahadzabe wa Eyasi walikuwapo kabla ya wote hao, wala hakuna aliyekwenda kuwauliza. Nani aliamua kwamba jembe likomee hapa na si kilomita kumi huku, au kumi kule? Ukiusogeza ule mstari kidogo tu, kidole kwenye daftari kinakuwa cha mama yangu.

Mama mwenyewe hakupenda mazungumzo haya. Mpaka mwaka 2017.

Huku kwetu, ukiacha mahindi, tunalima mbaazi. Watu wa hapa hawazili sana, zinakwenda India. Mwaka mmoja kabla tuliuza kilo moja kwa zaidi ya shilingi 1,500, na mama alifanya jambo ambalo hajawahi: alikodi ekari tatu za ziada. Mwezi Agosti 2017, mbaazi zikiwa zinavunwa, serikali ya India ikaweka kikomo cha tani 200,000 kwa mbaazi zinazoingia nchini mwao kwa mwaka, ili kuwalinda wakulima wake. Habari ilitufikia kwa njia ya bei. Mnunuzi akaja na mizani yake, akataja shilingi 250.

Mama akamwambia, baba, hii si bei, haya ni matusi. Mnunuzi, kijana mpole kabisa, akajibu: "Mama, mimi sikuweka sheria ya India."

Nilikuwepo. Mama alifungua mdomo ili ajibu, akaufunga. Akatazama magunia. Aliuza nusu, nusu nyingine tukala mbaazi mpaka watoto wakaanza kulia wakiziona. Jioni ile hakusema neno, lakini alipokuwa anafunga stoo aliniuliza, kama mtu anayeuliza saa, "Yule yeyo wa Endulen bado anakuja?" Nikasema anakuja. Akasema, "Akija nimpimie mimi." Akaja, na mama akampimia kilima. Ilikuwa bei ya kawaida, mwaka wa kawaida, kilima ambacho angempa yeyote. Lakini hakuna mtu mwingine aliyemtoa kwenye kiti siku hizo, maana miguu ilikuwa imeharibika.

Sasa stoo ni yangu, na daftari la 2009 bado ninalo. Nimejaribu mara nyingi kupiga hesabu ya haki. Tofauti ya 9,000 na 5,000 ni 4,000, mara nne ni 16,000. Toa dawa, toa hifadhi, toa hatari ya mama kuishiwa. Katika kinachobaki, kiasi gani kililetwa na ukame na kiasi gani kililetwa na katazo? Sijui namna ya kuvitenga. Ni kama kumwaga maziwa na maji kwenye kibuyu kimoja halafu uambiwe urudishe maziwa.

Mwaka 2022 ndipo familia za kwanza zilipoanza kuhamishwa kutoka Ngorongoro kwenda Msomera, wilaya ya Handeni. Serikali ilisema ni kwa hiari; nyumba ya vyumba vitatu, kiwanja cha ekari mbili na nusu, na ekari tano za kulima. Za kulima! Jembe lile lile lililokuwa kosa huku likawa zawadi kule, na kule nako kulikuwa na watu waliosema ardhi hiyo ni yao. Wengi walikataa kuhama, na mwezi Agosti 2024 maelfu yao walikaa barabarani ndani ya hifadhi mpaka dunia ikawaona. Waliokubali walipita mjini kwetu, kwa maana njia ya kutoka ni hiyo hiyo moja. Tulisimama barazani tukitazama malori, vitanda juu, mbuzi chini, watoto wakitupungia mikono kama watalii.

Mtoto wa kiume wa yeyo alijiandikisha. Yeyo mwenyewe alikataa, akasema atakufa pale alipozikwa mumewe. Siku tatu kabla ya safari yule kijana alishuka Karatu kuuza mbuzi waliosalia, akapita dukani. Nikaona ndiyo nafasi. Nikamvuta pembeni, nikatoa shilingi 16,000 nilizokuwa nimezitenga, nikamweleza habari yote, 2009, bei, daftari. Nikamwambia, mpelekee yeyo.

Hakuzigusa. Alinisikiliza mpaka mwisho, ameegemea fimbo yake, halafu akasema: "Rafiki, yeyo alilipa. Alilipa mbele ya watu, sisi tulikuwa wadogo lakini tunaikumbuka siku hiyo, alirudi nyumbani ametembea wima. Leo ukimrudishia, unasema alikuwa ombaomba."

Nikasema sina maana hiyo. Akasema anajua sina.

Tukakaa kimya. Mtalii mmoja alisimamisha gari ng'ambo, akampiga picha, akaondoka. Halafu kijana akafungua pochi yake ya ngozi, akasema, "Nipimie debe moja. Namwachia yeyo. Leo ni bei gani?"

Nikamtajia. Ilikuwa bei ya siku ile, na ule nao ulikuwa mwaka wa ukame. Akahesabu hela, akaniwekea mezani noti moja moja, nami nikajaza debe. Kijiti kilikuwa pale pale kinapokaa tangu enzi za mama, kimechomekwa kati ya ukuta na bati. Yeye akawa anakitazama, na mimi nakitazama.